Scarlett O'Hara, Mkosaji Asiyejua Kudanganya Kuhusu Pesa

Ashley Wilkes, mwungwana ambaye Scarlett O'Hara anampenda, hataki fedha iliyotokana na mateso ya watu. Anamwambia Scarlett hivyo katika mazungumzo yao ya biashara ya mbao: yeye hawezi kuchuma kutokana na kazi ya kulazimishwa ya wafungwa waliokodishwa. Scarlett anamshangaa. Mbona ulimiliki watumwa? Ashley ana jibu tayari: wale hawakuwa na dhiki, na isitoshe angewapa uhuru wao baba yake atakapofariki, ila vita vikamtangulia. Basi, wanaendelea na hesabu zao.

Wasomaji wengi wa Gone with the Wind, riwaya ya Kusini ya Marekani wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe na baada yake, hawakikumbuki kipande hicho, kwa kuwa kimebanwa ndani ya kisa cha mapenzi kilichowafanya wavumilie kurasa 1,037. Kwangu mimi hapo ndipo riwaya nzima inapojifichua bila kutaka. Mwanamke ambaye mji mzima wa Atlanta unamwona hana adabu, hana huruma na hana haya, ndiye anayeuliza swali ambalo waungwana wote wamezoea kulikwepa. Katika mapenzi Scarlett ni mwongo kupindukia, hata nafsi yake anaidanganya. Lakini likija suala la nani anafanya kazi na nani anakula, hana ulimi wa kupamba. Wanaomtetea na wanaomlaani wamekuwa wakigombania kasoro zake kwa zaidi ya miaka 80 sasa, na naona pande zote mbili zimeshika kasoro ambazo si zenyewe.

Tuanze na zile zinazojulikana. Riwaya ya Margaret Mitchell ilitoka Juni 1936, Marekani ikiwa bado ndani ya mdororo mkubwa wa uchumi. Nakala moja iliuzwa dola 3, bei isiyokuwa ndogo kwa wakati ule, na kabla mwaka haujaisha zilikuwa zimenunuliwa zaidi ya milioni moja. Mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Pulitzer. Si vigumu kuelewa. Msomaji aliyepoteza kazi au shamba alikutana na binti aliyepoteza kila kitu na anayekataa kufa njaa. Kisa kinapoanza, Aprili 1861, Scarlett ana miaka 16. Kinapoisha, 1873, ana 28, ameolewa mara tatu, amezaa watoto watatu, ameua mtu mmoja na ameendesha viwanda viwili vya kupasua mbao.

Dhambi zake zinasimuliwa kwa raha. Anaolewa na Charles Hamilton kwa hasira tu, kwa sababu Ashley amemchagua Melanie, naye Charles anafariki kambini kwa surua na nimonia bila hata kufika vitani. Kodi ya Tara, shamba la baba yake, inapotakiwa, dola 300, anashona gauni kwa mapazia ya mahameli ya marehemu mama yake akaenda kumwangukia Rhett Butler, tajiri atakayekuwa mume wake wa tatu, ambaye wakati huo yuko mahabusu. Rhett hana cha kumpa. Scarlett hapotezi muda: njiani anamkuta Frank Kennedy, mchumba wa mdogo wake Suellen, anamdanganya kwamba Suellen ameshapata mwingine, na baada ya wiki chache ni mume wake. Shamba limepona. Ukoo umepata pa kulala. Suellen kabaki na kinyongo chake, na Frank naye anaanza kugundua kwamba mke aliyemwoa anajumlisha na kutoa kwa kichwa haraka kuliko yeye kwa kalamu.

Sehemu hii ya biashara Mitchell aliijua damuni. Mama yake, Maybelle, alikuwa mpigania haki ya wanawake ya kupiga kura mjini Atlanta. Bibi yake mzaa mama, Annie Fitzgerald Stephens, alikuwa mwanamke wa kumiliki nyumba na kufungua kesi, na baba wa bibi huyo alikuwa mhamiaji wa Ireland aliyepata shamba kubwa katika wilaya ya Clayton, Georgia, kama Gerald O'Hara, baba wa Scarlett, kitabuni. Kwa hiyo mwandishi anapoelezea jinsi wanaume wa Atlanta wanavyoshikwa na kichefuchefu wakimwona mke wa Frank akiendesha kigari peke yake kwenda kuuza mbao huku tumbo la mimba likionekana, kalamu yake inacheka. Hapo Scarlett hahitaji wakili. Mitchell mwenyewe alisema kwamba shujaa wake hasa ni Melanie, lakini sentensi zake zinamsaliti: Melanie anaheshimiwa, Scarlett ndiye anayefuatwa kila anapokwenda.

Kuna kasoro moja tu ya nyumbani ambayo kitabu hakiifanyii mzaha, nayo ni ya malezi. Wade, mtoto wa Charles, anamwogopa mama yake. Anakulia katika mizinga, njaa na makemeo, na kila anaposogea kwenye sketi ya mama anafukuzwa kama aliyeleta taabu zaidi. Mitchell haandiki mengi kumhusu, ila kila mara anapompitisha mtoto huyo ukurasani msomaji anapata baridi. Anayetaka kumsifu Scarlett kama mwanamke wa kisasa aliyetangulia wakati wake anapaswa kupita kwanza kwa Wade. Filamu ya 1939 iliona njia rahisi zaidi: ikamfuta Wade, ikamfuta na Ella, mtoto wa Frank, ikambakiza Bonnie peke yake, mtoto wa Rhett, yule ambaye baba yake anampenda. Kwa mkato huo tu Scarlett alipungukiwa na nusu ya hatia zake.

Sasa tuje kwenye daftari lingine, lile ambalo kitabu chenyewe hakilifungui.

Mapema kabisa, kabla vita havijaanza, Gerald O'Hara anarudi nyumbani kutoka kwa jirani yake John Wilkes akiwa amenunua watu wawili: Dilcey, mke wa mtumishi wake Pork, na Prissy, binti wa Dilcey. Ametoa dola 3,000 kwa wote wawili. Pork mwenyewe Gerald alimpata kwenye karata, kama alivyolipata shamba lenyewe. Tukio hili linaelezwa kama ushahidi wa moyo mwema wa mzee: kawaunganisha mke na mume, kamchukua na mtoto ili mama asilie. Scarlett anashtuka, lakini anachoshtukia ni bei. Dola 3,000! Na Prissy wa nini?

Msomaji wa leo anamwona ana roho mbaya. Mimi namwona anasoma risiti kwa sauti mbele ya watu waliozoea kuikunja na kuitia mfukoni. Wema wa Gerald una bei, na bei hiyo imetokana na pamba, na pamba imevunwa na watu wa aina ya Dilcey. Baba anataka ashukuriwe, na anashukuriwa: Dilcey anakuja kutoa shukrani na kumtoa Prissy awe mtumishi wa Scarlett. Ni binti asiyejua adabu anayeturudisha kwenye namba.

Pamba hiyo ya Kusini ilikuwa na safari ndefu kuliko wahusika wa riwaya walivyojua. Ilipanda Kaskazini hadi viwanda vya Massachusetts, ikafumwa, ikapakiwa melini na wafanyabiashara wa Salem na kushushwa Unguja, ambako Marekani iliweka balozi wake mdogo tangu 1837. Merikani, kile kitambaa cha pamba kilichovaliwa pwani na kubebwa bara na misafara, ilianzia katika mashamba ya namna hiyo. Vita vilipozuka 1861 shehena zikapungua, bei zikapanda, na vitambaa vya India na Uingereza vikapata nafasi. Mwenye duka Unguja aliuhisi upungufu uliotokana na vita hivyo bila kujua hata jina la Atlanta.

Vita vikielekea mwisho Tara imechomwa pamba yake, mama amefariki kwa homa, baba amepotewa na akili, na Scarlett anaingia shambani kuvuna kwa mikono yake. Sehemu hii inasifiwa sana, na inastahili sifa. Lakini tazama nani yuko naye kwenye mistari ya pamba: Dilcey, anayevuna kimya siku nzima kama mashine. Huyu mama yuko huru sasa. Hakuna anayemlipa. Kitabu kinasema amebaki kwa uaminifu, kwa kukumbuka hisani ya Gerald, na kinapita. Msomaji aliyewahi kusoma Kasri ya Mwinyi Fuad ya Adam Shafi atakuwa amemtambua: Kijakazi naye anamtumikia bwana wake hata pale ambapo hapaswi tena. Tofauti ni kwamba Shafi anajua anachokionyesha, na anaufanya uaminifu huo uwe jeraha. Mitchell anaufanya medali.

Nguvu ya Scarlett, ile azma inayosifiwa kwenye kila tangazo la kitabu hiki, haisimami peke yake hata siku moja. Usiku Atlanta inapoanguka, Septemba 1864, anamzalisha Melanie akiwa na Prissy tu, msichana aliyejigamba kuwa anajua ukunga kisha akakiri hajui lolote. Scarlett anampiga kofi. Msimulizi anatuambia ndiyo mara yake ya kwanza maishani kumpiga mtumwa, na anatuambia kana kwamba ni sifa. Vitisho vya kumuuza vinafuata. Watu wamecheka na kipande hicho kwa miongo mingi. Prissy ni mtoto; mji unawaka; watu wanaomzunguka wamemnunua; na kosa lake ni kwamba alisema uongo ili aonekane wa maana. Uongo wa namna hiyo Scarlett anausema kila baada ya kurasa 10 na sisi tunauita ujasiri.

Hapa ndipo viwanda vya mbao vinapokuwa na maana kuliko mapazia ya mahameli.

Marekebisho ya 13 ya Katiba ya Marekani, ya Desemba 1865, yalipiga marufuku utumwa na kazi ya kulazimishwa, isipokuwa kama adhabu kwa mtu aliyetiwa hatiani. Majimbo ya Kusini yaliingilia kwenye hilo "isipokuwa." Sheria za uzururaji zilitungwa au kukazwa, mtu Mweusi asiye na mkataba wa kazi akawa mhalifu, na mahakama zikawa zinatoa vibarua. Georgia ilitia saini ukodishaji wake wa kwanza Mei 1868: wafungwa 100 Weusi wapelekwe kujenga reli kwa mwaka mmoja, kwa dola 2,500. Piga hesabu. Ni dola 25 kwa mtu kwa mwaka. Kumi na sita kati yao walifariki.

Rudi sasa kwenye dola 3,000 za Dilcey na Prissy. Mtumwa aliyefariki alikuwa hasara kwa aliyemnunua, kwa hiyo hata bwana katili alikuwa na sababu ya kumpa chakula. Mfungwa wa kukodi akifariki, hasara haimgusi mwajiri. Jela ina wengine. Mfumo huu haukuwa wa matapeli wa pembeni. Joseph E. Brown, aliyekuwa gavana wa Georgia wakati wote wa vita, alichimba makaa ya mawe kwa wafungwa wa kukodi, na baadaye akawa seneta. James English, aliyepata kuwa meya wa Atlanta, alikuwa na kiwanda cha matofali kilichoendeshwa kwa wafungwa, na matofali hayo yamo katika mitaa na nyumba za mji huo. Jimbo liliachana na ukodishaji mwaka 1908 tu, miaka minane baada ya Mitchell kuzaliwa, na hata hapo wafungwa walihamishiwa kwenye barabara wakiwa na minyororo yao.

Mitchell aliyajua haya, na aliyaweka kitabuni. Scarlett anakodi wafungwa kwa ajili ya viwanda vyake. Mji unaona haya. Archie, mzee mwenye mguu wa mti aliyemuua mkewe na kukaa jela miaka mingi, anakuwa dereva na mlinzi wake kisha anamwacha siku anapokodi wafungwa, maana yeye anakijua kinachotokea huko. Muuaji ana mpaka, Scarlett hana. Anamweka Johnnie Gallegher, Mwairishi mdogo mwenye macho makavu, asimamie kiwanda kimoja na asimuulize mbinu zake.

Kisha anakwenda kutembelea. Anawakuta watu wamekonda, wamekata tamaa, hawamtazami usoni. Anagundua kwamba chakula alichokituma hakiwafikii, kwani Johnnie amekiuza. Anafoka, anatishia, anasema atamfukuza. Johnnie anamsikiliza mpaka mwisho, kisha anamwambia kwa upole kwamba yuko tayari kuondoka. Na Scarlett ananyamaza. Anakumbuka ni nani katika Atlanta nzima anayetoa mbao nyingi vile kwa mwezi. Anapanda kigari chake na kuondoka.

Sijui ukurasa mwingine katika riwaya za kihistoria za Marekani za wakati ule unaoonyesha kwa uwazi namna hii jinsi mtu wa kawaida, mwenye njaa katika kumbukumbu zake na watoto nyumbani, anavyokubali uovu akiwa ameuona kwa macho yake. Hakuna fidla hapa, hakuna machweo. Kuna mwanamke anayelinganisha miili ya watu na mbao, na mbao zinashinda. Hajisingizii kwamba wana furaha. Hasemi angewaachia huru baba yake akifariki. Anajua, na anakwenda nyumbani.

Laiti Mitchell angembakiza hapo kidogo. Hakumbakiza. Katika safari ile ile ya kurudi Scarlett anashambuliwa karibu na kambi ya Shantytown na wanaume wawili, Mzungu mmoja na Mweusi mmoja, na Big Sam, mtumwa wa zamani wa Tara, anamwokoa. Usiku huo Frank, Ashley na wenzao wanatoka na Ku Klux Klan kulipiza kisasi. Frank anauawa kwa risasi ya kichwa, Ashley anajeruhiwa. Mji mzima unamlaumu Scarlett: kama angekaa nyumbani kama mke, mumewe angekuwa hai.

Mbinu hii imefanya kazi vizuri mno. Ukurasa mmoja tulikuwa tunawatazama wafungwa wanaokufa njaa, ukurasa wa pili tunamwonea huruma mwajiri wao, na wa tatu tunaombea wanaume wa Klan wasikamatwe. Kundi lililowapiga, kuwaua na kuwatisha Weusi waliothubutu kupiga kura katika miaka hiyo linaletwa kwetu kama waume wenye wasiwasi. Mitchell alikulia katika hadithi za wazee waliopigania Kusini, na alimwandikia Thomas Dixon, mwandishi aliyelitukuza Klan kuliko wote, kwamba amelelewa kwa vitabu vyake. Inaonekana. Hili si suala la kusema nyakati zilikuwa tofauti. W. E. B. Du Bois, msomi Mweusi, alichapisha kitabu chake kikubwa kuhusu Ujenzi Mpya wa Kusini, yaani miaka iliyofuata vita, mwaka 1935, mwaka mmoja kabla ya riwaya hii, na alikuwa akifundisha Atlanta hiyo hiyo, katika chuo ambacho Mitchell angeweza kufika kwa tramu.

Basi tumrudie Ashley, huyu asiyetaka fedha ya mateso. Hataki wafungwa viwandani, lakini anapanda farasi usiku akiwa amejifunika uso. Na Melanie, mwema kuliko wote, ambaye wasomaji tunafundishwa kumlilia? Mumewe anapofikiria kuhamia New York kufanya kazi benki, moja ya sababu za Melanie za kukataa ni kwamba mtoto wao Beau atalazimika kukaa darasa moja na watoto Weusi. Analisema kwa sauti ile ile ya upole anayoitumia kumliwaza mgonjwa. Scarlett hawezi kusema hivyo, kwa sababu tu hafikirii mambo hayo kwa muda wa kutosha. Wema wa Melanie ni wa kweli, tena ni mkubwa, na una uzio. Ndani ya uzio atakufa kwa ajili yako. Nje ya uzio haoni watu. Kitabu kinampa sifa zote na hakimuulizi lolote, huku Scarlett akiulizwa kuhusu kila gauni.

Ndiyo maana nasema tunagombania kasoro zisizo zenyewe. Walioandika dhidi ya Scarlett miaka ile walimwona mama mbaya na mke asiyefaa. Waliomtetea baadaye, hasa wasomaji wanawake wa miaka ya 1970 na kuendelea, walisema mwanaume mwenye tabia hizo angeitwa mfanyabiashara hodari. Wako sahihi, na hapo ndipo tatizo lilipo. Joseph E. Brown aliitwa mfanyabiashara hodari. Kumpa Scarlett haki ya kusimama pamoja na Brown ni usawa wa ajabu, lakini angalau unatuonyesha ni meza gani waliyokuwa wanaigombania.

Filamu iliifuta meza hiyo vizuri. Klan likaitwa mkutano wa kisiasa, wafungwa wakapewa dakika chache, mapazia yakapewa rangi zote. Onyesho la kwanza lilifanyika Atlanta tarehe 15 Desemba 1939. Hattie McDaniel, aliyeigiza kama Mammy, yaya mtumwa wa Scarlett, hakuhudhuria, kwa kuwa ukumbi ulikuwa wa Wazungu peke yao. Usiku uliotangulia, katika dansa la hisani, kwaya ya kanisa la Ebenezer iliimba ikiwa imevalishwa kama watumwa, na mmoja wa watoto waliokuwemo alikuwa Martin Luther King mdogo, mwenye miaka 10. Februari iliyofuata McDaniel akawa mtu Mweusi wa kwanza kushinda Oscar, na aliipokea akitokea kwenye meza iliyotengwa na ya wenzake. Yule mwanamke mwenye msimamo wa chuma, aliyejua bei ya kila kitu na kuilipa, kama unamtafuta katika historia hii, alikuwa pale pembeni ya ukumbi.

Nikisoma riwaya za kihistoria za Marekani zinazotoka siku hizi naona Scarlett hatishi tena. Binti wa shamba la pamba sasa anawafundisha watumwa kusoma usiku kwa mshumaa, anachukia minyororo tangu utotoni, na rafiki yake wa karibu kuliko wote ni kijakazi wake. Ana kasoro, ndiyo: ni mkaidi, ana ulimi mkali, anachelewa kanisani. Wachache waliokuwa hivyo walikuwepo kweli, dada wawili Grimké wa Charleston kwa mfano, na waliondoka Kusini kabisa kwa sababu hapakukalika. Kumjaza kila mhusika mkuu dhamiri ya karne ya 21 ni kumpa msomaji kile ambacho Ashley alijipa mwenyewe: ningewaachia huru, ila vita vikanitangulia. Ningechagua Scarlett mara 10 kabla ya hao. Unafunga kitabu ukiwa umechafuka kidogo, na hiyo ni haki yako kama msomaji.

Kasoro yenye uzito wa kweli niliikuta kwa upande mwingine. Toni Morrison alipochapisha Beloved mwaka 1987 alimpa Sethe kosa ambalo hakuna gauni la mapazia linaloweza kulifunika: anamuua mtoto wake ili asirudishwe utumwani. Tukio lilitokana na kisa cha Margaret Garner, aliyetoroka Kentucky na kukamatwa karibu na Cincinnati Januari 1856. Morrison hatuombi tumpende Sethe, wala hatuombi tumhukumu. Majirani zake wanamtenga na wana sababu. Azma ya Scarlett inalipiwa na wengine. Ya Sethe inamrudia yeye mwenyewe kila usiku, ndani ya nyumba yake. Kama wahakiki wanataka kujadili mwanamke mwenye nguvu na kasoro katika riwaya ya kihistoria ya Marekani, wawaweke hawa wawili pamoja na waache kumlinganisha Scarlett na Melanie.

Kuhusu Mitchell mwenyewe, kuna jambo lisilokaa vizuri katika hukumu yoyote. Katika miaka ya 1940 alikuwa akimtumia fedha kwa siri Benjamin Mays, mkuu wa chuo cha Morehouse, ili wanafunzi Weusi wasomee udaktari. Hakutaka jina lake litajwe. Aligongwa na gari kwenye barabara ya Peachtree Agosti 1949 na akafariki siku chache baadaye, bila kuandika riwaya nyingine. Sijui namna ya kumweka mwanamke huyo aliyesomesha madaktari katika sentensi moja na yule aliyeandika kurasa za Shantytown, na sitajaribu.

Warithi wa haki za kitabu hawakuwa na ukimya wake. Alice Randall alipoandika The Wind Done Gone mwaka 2001, akisimulia ulimwengu ule ule kwa sauti ya Cynara, binti aliyezaliwa na Mammy na bwana wa shamba, walikwenda mahakamani kukizuia. Jaji wa kwanza alikubali. Mahakama ya rufaa ya Atlanta ikalitupa zuio hilo mwezi Mei, na mwaka uliofuata pande mbili zikapatana, mchapishaji akiahidi mchango kwa Morehouse.

Cynara si malaika. Ana wivu unaomla, ana kinyongo na mama yake kwa kumpa mtoto wa Kizungu mapenzi na maziwa ambayo yeye aliyakosa, aliuzwa akiwa msichana mdogo na akaishia kutunzwa na mwanaume yule yule ambaye dada yake wa baba aliolewa naye. Kama kitabu, hakifikii hata robo ya ustadi wa Mitchell katika kuendesha kisa. Lakini Cynara naye anahesabu, nani alimlipa nani na kwa kitu gani, na katika hesabu zake hakuna mtu aliyeachwa nje ya daftari, wala dada yake, wala yeye.